Mparachichi wa Upande wa Pili

Jumanne ile Kankindi alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu lami ifike Kagugu, mtaa wao wa Kigali. Pikipiki zilimpigia honi, naye akazipungia mkono kana kwamba zimekuja kumpokea. Alikuwa ameshinda kesi. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, magoti mawili yasiyoelewana na miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi mweusi, na katika maisha yake yote hakuwahi kushinda kitu chochote. Hata ile bahati nasibu ya kanisani, ambayo mwaka mmoja kila aliyehudhuria aliondoka na kikombe, yeye aliondoka na kisahani.

Kesi yenyewe ilikuwa ya mti. Upande wa pili wa uzio wake, kwa jirani yake Eustache, kulikuwa na mparachichi mkubwa ambao haukujua mpaka uko wapi. Matawi yake yaliingia kwa Kankindi bila kubisha hodi. Miaka na miaka alinung'unika, mwisho akanunua daftari la mistari, akaandika malalamiko sita kwa ule mwandiko aliofundishwa shule ya msingi huko Karagwe, Tanzania, herufi zote zimepinda kama ndoano, akayapeleka kwa abunzi, yaani wapatanishi wa kata. Aliyasoma yote bila kuruka nukta. Mwenyekiti wao, Jean-Berchmans, fundi cherehani ambaye muda wote ana uzi umeganda kwenye shati, alisikiliza kwa makini la kwanza na la pili. Kwenye la nne macho yalikuwa yanamwendea mbali. La sita lilipoisha alishtuka, akawatazama wenzake, akatangaza: mti ukatwe.

"Hukumu ni hukumu," alisema Eustache, akavaa kofia yake, akatoka.

Hakukata rufaa wala hakugombana. Hilo lilimsumbua Kankindi kidogo, maana alikuwa ameandaa majibu ya ugomvi na sasa hakuwa na pa kuyatumia. Wawili hawa walikuwa na utaratibu wao: Kinyarwanda walikitumia kwa salamu na misiba, kwa sababu ni lugha inayomlazimu mtu kuwa na adabu. Kwa ugomvi walitumia Kiswahili. Kankindi alikuwa na cha Karagwe, Eustache alikuwa na cha Buyenzi, mtaa wa Bujumbura alikokulia, na kwa miaka kumi na minane vile viswahili viwili vilikuwa vimerushiana maneno juu ya uzio mpaka vikafanana.

Basi Jumanne hiyo Kankindi alitangaza ushindi wake kwa kila mtu. Aliutangaza dukani, akautangaza kwenye kwaya ya akina mama, akampigia simu mwanawe Rutayisire aliyekuwa kazini, akamsomea hukumu nzima pamoja na tarehe na muhuri. Kisha akaingia kwenye shamba lake la matunda, akakaa kwenye kigoda chake, akatazama.

Lilikuwa shamba dogo, hatua arobaini kwa ishirini na tano. Alilipima mwenyewe kwa miguu alipofika mwaka tisini na sita, wakati mlima ule ulikuwa mtama na vichaka tu. Siku hizi nyumba za vigae zilikuwa zimepanda mpaka Kinyinya, kila siku lori la mchanga linapita, na shamba lake lilibaki kama kiraka cha kijani kwenye shuka la mabati. Michungwa ilikuwa miwili. Mpera ulikuwa mmoja, una mapera machache lakini matamu. Kulikuwa na mipapai mitatu, mmoja wao umekufa umesimama, na mfenesi uliojipandia wenyewe. Kando ya njia kulikuwa na vinyomoro, yale matunda mekundu yenye umbo la yai. Katikati, peke yake, umenyooka kama bibi harusi, ulikuwepo mparachichi wa Karagwe.

Huo ndio uliokuwa moyo wake. Alikuja na kokwa lake limefungwa kwenye leso, alilichukua nyuma ya jiko la mama yake, na lori zima lilipotafutiwa nafasi ya magodoro yeye alishika leso. Sasa matunda yake yalijulikana. Ukiweka kisu juu ya tunda, kinazama chenyewe. Kikapu cha kwanza cha mwaka kilikwenda kanisani kimefunikwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe, cha pili kwa akina mama waliojifungua kwenye kituo cha afya, cha tatu kwa wakwe zake wa Nyakabanda, ambao walianza kupiga simu za kumjulia hali wiki tatu kabla hayajaiva. Watoto wa mtaa hawakujua jina lake. Walimwita Mama Maparachichi, na yeye aliitika haraka kuliko alivyoitika kwa jina la ubatizo.

Alhamisi asubuhi alikuja Mukunde. Huyu alikuwa mtaalamu wa kilimo wa ofisi ya sekta, binti wa miaka kama thelathini, amekulia Uganda, anavaa mabuti ya mpira hata jua likiwaka. Mjini hapa mti haukatwi hivihivi. Lazima mtu aombe kibali, na mtaalamu aje aone. Eustache alikuwa ameshaandika ombi Jumanne hiyohiyo, kabla wino wa hukumu haujakauka. Mukunde aliuona mti upande wake, akaandika, kisha akaomba kuuona upande wa mlalamikaji.

"Karibu, mwanangu," alisema Kankindi. "Ndio huo. Umeona unavyojitanua?"

Lakini Mukunde alikuwa ameshaupa mgongo mti wa Eustache. Alikuwa amesimama chini ya ule wa Karagwe, uliokuwa umejaa maua, amevuta tawi karibu na pua.

"Mama, hii mti yako iko peke yake?"

"Peke yake. Hauhitaji mwenzake. Nauwekea majivu na samadi."

"Ilianza kuzaa sana mwaka gani?"

Kankindi alifikiri. Alipenda maswali ya tarehe. "Miaka mingi ulikuwa unanipa matunda matano, sita, kama unayatoa kwa huruma. Halafu miaka kama kumi na mbili iliyopita ukafunguka. Ndio mwaka nilioanza kuweka majivu."

"Na ile ya jirani ilianza kutoa maua mwaka gani?"

"Wa Eustache? Alihamia hapa, akapanda, ikapita kama miaka sita..." Kankindi alivaa miwani, kana kwamba hesabu ilikuwa imeandikwa hewani.

"Angalia," alisema Mukunde, akamwekea ua dogo la kijani kwenye kiganja. "Ua ya avoka inafunguka mara mbili. Mara ya kwanza iko jike, halafu inajifunga. Kesho yake inafunguka tena, sasa iko dume. Hii yako, asubuhi iko jike. Dume zake zinaamka mchana, wakati jike zimeshalala. Hazikutani vizuri."

"Na ule wa kule?"

"Ule ni aina nyingine. Asubuhi iko dume. Nyuki anatoka kule, anakuja hapa."

"Nyuki," alirudia Kankindi kwa sauti ndogo. Nyuki walikuwa lalamiko lake la tano. *Nyuki wa mti huo wanavuka uzio kila asubuhi bila ruhusa.* Alikuwa amelipigia mstari.

"Wakikata ile," aliendelea Mukunde, akirudisha kalamu mfukoni, "utarudi kwa tano, sita. Pole, mama. Samahani lakini, hukumu ni yako. Kibali kinatoka kesho. Mwenye mti peke yake ndiye anaweza kuondoa ombi."

Alipoondoka, Kankindi alikaa kwenye kigoda chake akatazama uzio kwa muda mrefu. Nyuki walipita juu ya kichwa chake wakienda kazini. Aliwahesabu mpaka themanini na tatu.

Ijumaa asubuhi alijifunga kitenge safi, akachukua kikapu cha mapera, akazunguka mpaka lango la Eustache. Alimkuta jirani yake, dereva wa lori mstaafu, mrefu, mwenye masikio makubwa, akizungusha kamba ya kupimia kwenye shina la mti. Mkewe Illuminée alikuwa kwenye kizingiti cha jiko akichambua mchele.

Walisalimiana kwa Kinyarwanda, wakaulizana hali ya watoto, ya wajukuu, ya ng'ombe ambao hakuna aliyekuwa nao. Kisha Eustache akahamia Kiswahili, ikawa wazi kwamba salamu zimekwisha.

"Mama Rutayisire, umekuja kuhakikisha nakata sawasawa?"

"Nimekuja kukujulia hali tu."

"Miaka kumi na minane hujanijulia hali bila sababu. Leta sababu."

Kankindi aliweka kikapu chini. "Joto limezidi siku hizi, hulioni? Nilikuwa nafikiri. Kivuli si kitu kibaya."

"Kivuli ni lalamiko la tatu. Ulisema kimeua mchicha."

"Ule mchicha ulikuwa mzee."

"Aa."

"Na majani nayo, nasikia yakioza ni mbolea nzuri."

"Hilo la kwanza. Yamejaa kwenye pipa lako la maji ya mvua, mfuniko umeshindwa kufunga, ukanunua mwingine wa buluu." Eustache aliiviringisha kamba polepole. "Nimeyakariri yote, mama. Nayasema usiku badala ya rozari. Sikiliza, mimi nimeendesha lori miaka thelathini. Nikiona mtu anawasha taa ya kulia halafu anavuta kushoto, napunguza mwendo. Sasa sema, unakwenda wapi?"

Kankindi aliutazama mti, akamtazama Illuminée, akautazama mti tena. Kulisema ilikuwa kama kumeza kidonge kikubwa bila maji. Lakini kibali kilikuwa kinatoka siku hiyohiyo, na Jumatatu Habiyaremye wa Kinyinya alikuwa anakuja na msumeno wa injini. Basi alilisema. Alieleza jike, akaeleza dume, akaeleza asubuhi na mchana, na kwa kuwa alipenda kueleza vizuri alitumia mapera mawili na mkono wa kikapu kuonyesha.

Eustache alisikiliza mpaka mwisho. Kisha masikio yake makubwa yakaanza kutikisika, halafu mabega, halafu akashika shina la mti asianguke.

"Illuminée! Njoo usikie! Yale maparachichi ya kitambaa! Yale yanayobarikiwa na padri!"

"Nimesikia," alisema Illuminée.

"Mama Rutayisire, hebu nieleze taratibu, mimi sikusoma sana. Baba yao ni nani?"

"Usiseme hivyo."

"Nauliza tu. Mama yao namjua, anatoka Karagwe, familia nzuri. Baba ni nani?"

"Nyuki," alisema Kankindi kwa ukali.

"Nyuki ni mshenga!" Eustache alifuta machozi kwa kofia. "Miaka kumi na mbili nina watoto kule ng'ambo, hakuna hata aliyekuja kuniamkia!"

Kankindi aliokota kikapu chake. Uso ulikuwa unamwaka moto. Illuminée aliacha mchele, akamshika mkono. "Eustache, acha. Tangu Jumanne hujala vizuri kwa ajili ya mti huu, na sasa unamcheka anayetaka kuuokoa."

Hapo Eustache akajishughulisha na kamba. Ilikuwa kweli. Mti huo aliupanda mwaka aliostaafu, siku aliyorudisha funguo za lori. Lakini mtu aliyeshtakiwa mbele ya watu hawezi tu kurudi nyumbani kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Nitaondoa ombi," alisema hatimaye. "Ila kuna sharti. Ushindi wako uliutangaza mtaa mzima. Kesho ni umuganda, baada ya kazi watu wote wanakaa mkutano. Utasimama na daftari lako. Utayafuta yote sita. Moja moja. Kwa sauti ileile."

"Yote?"

"Yote sita. Likibaki moja, msumeno unaingia."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kama kawaida, maduka yalifungwa na watu wote wa mtaa walitoka na majembe. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kuzibua mtaro wa barabara. Kankindi, kwa umri wake, angeweza kubaki nyumbani, lakini alikuja na ufagio, akafagia kipande kimoja cha barabara kwa muda mrefu sana mpaka kikawa kinang'aa. Saa tano watu walikaa kwenye nyasi za uwanja wa shule kwa ajili ya mkutano. Yalisemwa ya usafi, yakasemwa ya bima ya afya, yakasemwa ya mbwa asiye na mwenyewe. Kisha Jean-Berchmans alisimama, akajitoa uzi kwenye shati.

"Kuna jambo la majirani wawili. Mlalamikaji ameomba kuzungumza. Sijawahi kuona mtu aliyeshinda anaomba kuzungumza tena, lakini karibu, mama."

Kankindi alisimama na daftari. Watu karibu mia mbili walimtazama. Eustache alikuwa mstari wa mbele, kofia juu ya goti, amekaa kama mtu aliyekuja kwenye sherehe.

"La kwanza," alisoma Kankindi. "Kwamba majani yanaingia kwenye pipa langu. Nalifuta. Mfuniko wa zamani ulikuwa na ufa kabla ya mti."

Watu wakapiga makofi.

"La pili. Kwamba ndege wanachafua shuka zangu kwenye kamba. Nalifuta. Kamba naweza kuihamisha, nimeipima, inahitaji hatua nne tu."

"Sauti ileile!" alisema Eustache.

"La tatu!" alipaza Kankindi. "Kivuli na mchicha! Nalifuta, mchicha ulikuwa mzee! La nne, kwamba wale ndege wakubwa weusi wenye midomo mirefu wanalala kwenye mti na alfajiri wanalia kama mlango usiotiwa mafuta. Nalifuta. Siku hizi sisikii vizuri sikio la kushoto, nitalalia la kulia."

Vicheko vilianza kuzunguka uwanja. Kankindi mwenyewe alianza kuuona ulimi wake mwepesi.

"La tano. Kwamba nyuki wanavuka uzio bila ruhusa." Aliirekebisha miwani. "Wavuke. Wavuke watakavyo, hata Jumapili."

"La sita!" ilisikika sauti kutoka nyuma.

Kankindi alifungua ukurasa. Alisoma kimya, midomo ikicheza. Alivua miwani, akaivaa tena. Watu walingoja. Kisha akalifunga daftari.

"Hili silifuti."

Eustache alikaa wima. "Mama, tulikubaliana sita."

"Najua."

"Jumatatu Habiyaremye anakuja."

"Najua, jirani. Na mti wangu utarudi kwa matunda matano, na kikapu cha kanisani kitakwenda na ndizi." Alilibana daftari kifuani, akasimama palepale. "Hayo matano niliyoyafuta ni mambo ya kuvumilia, na mtu anaweza kubadili moyo akavumilia. Hili lilitokea. Ilikuwa Pasaka ya mwaka jana. Nimetoka kanisani, nimevaa kitenge cha kijani alichoniletea Rutayisire, naonja mchuzi wa kuku uani. Parachichi likatoka juu likaingia kwenye sufuria. Mchuzi ukaniruka mpaka machoni, kitenge mpaka leo kina doa. Nikisema halikutokea nitakuwa nimedanganya mbele ya mtaa mzima. Mti nitaukosa, uongo sisemi."

Watu walitazamana. Jean-Berchmans alikuna kichwa. Ilikuwa wazi kwamba analisikia lalamiko la sita kwa mara ya kwanza.

"Tunda kuanguka ni jambo la kawaida, mama. Huwezi hata kusema ni bahati mbaya?"

"Naweza kusema kwa usahihi kilichotokea," alijibu Kankindi. "Sufuria ilikuwa ya namba sita, ile yenye mkono mmoja. Parachichi lilikuwa limeiva vizuri, nusu, halina kokwa."

"Nusu?" aliuliza Jean-Berchmans.

"Nusu."

"Nusu lililooza? Lililoliwa na ndege?"

"Hapana, lilikatwa kwa kisu, safi kabisa. Nililitoa kwa mwiko nikaonja, maana chakula ni chakula. Lilikuwa na chumvi."

Kimya kilichofuata kilikuwa cha namna yake. Kilianza mstari wa mbele, kikaenda mpaka nyuma, na kilipofika nyuma mtu mmoja akaguna. Jean-Berchmans alivuta pumzi ndefu.

"Mama Rutayisire. Katika hii Kigali yote, ni mti gani unaodondosha parachichi lililokatwa, likatolewa kokwa, likatiwa chumvi?"

Kankindi alimtazama Jean-Berchmans, akalitazama daftari. Mwaka mzima alikuwa amelibeba jambo hili pamoja na doa lake, sufuria yake na mkono wake mmoja, wala siku moja hakuliuliza swali hilo. Polepole, pamoja na watu mia mbili, aligeuka kumtazama Eustache.

Eustache alikuwa anaiangalia kofia yake kama mtu anayesoma barua.

"Sema," alisema Illuminée kutoka upande wa wanawake. "Sema mwenyewe, au nisimame mimi."

Alisimama. Kwa urefu wake ilichukua muda. "Nilikuwa juu ya ngazi, natengeneza paa la jiko, nina chakula changu cha mchana mkononi. Yule jogoo wako, mama, alianza kuwika saa tisa za usiku wa Pasaka, na saa sita mchana alikuwa bado anawika. Nikamlenga."

"Ukampata?" aliuliza mtu.

"Jogoo hakumpata," alisema Illuminée.

Wacha watu wacheke. Walicheka mpaka wale waliokuwa na majembe wakayaegemea. Jean-Berchmans alijaribu kushika adabu ya kiti chake, akashindwa, akageuka kuwapa watu mgongo mpaka alipopata uso wa kazi. Kankindi peke yake hakucheka mara moja. Alikuwa anawaza kitenge chake. Halafu akawaza ule mti, umesimama pale kwa mwaka mzima ukishtakiwa kwa kosa la binadamu, na bila kujua wala kuulizwa, kila asubuhi unamtumia nyuki. Kicheko kikamshika. Alikaa chini kwenye nyasi, akaweka daftari usoni, mabega yakaanza kumtikisika.

"Lalamiko la sita," alitangaza Jean-Berchmans, "linaondolewa kwa mti na kuhamishiwa kwa mwenye mti. Unasemaje, Eustache?"

"Naomba radhi, mama. Mbele ya watu wote. Na doa la kitenge Illuminée analijua, analitoa kwa maji ya limau."

"Radhi nimeipokea," alisema Kankindi kutoka nyuma ya daftari. "Kitenge nitakuletea jioni."

Wakaandikiana makubaliano papo hapo, wakatia sahihi wote wawili. Ombi likaondolewa pamoja na kibali chake, mti ukabaki.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia Habiyaremye. Jumatatu saa mbili asubuhi alifika kutoka Kinyinya nyuma ya pikipiki, msumeno umelala mapajani kama mtoto mchanga, akaingia kwa Eustache, akawasha. Kankindi aliisikia ile ngurumo akiwa na kikombe cha chai mdomoni. Hakuzunguka langoni. Alipita katikati ya uzio, pale palipokuwa na tundu la kuku, na namna alivyopita hakuna ajuaye mpaka leo, hata yeye mwenyewe.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima hiyo kitu!"

Eustache naye alikuwa ametoka na sabuni usoni, nusu ya ndevu zimenyolewa. Walimweleza Habiyaremye kwa zamu. Yule bwana alisikiliza, akatazama mti, akatazama msumeno wake.

"Mimi sirudi Kinyinya bure. Msumeno umeshapata mafuta. Nipeni basi hata tawi moja. Ile pale," alisema akionyesha, "ile inayoingia kwa mama. Si ndiyo ilikuwa inaleta shida?"

"Hiyo sawa," alisema Eustache kwa moyo mweupe, akijifuta sabuni. "Kata hiyo. Mama apumzike na majani."

"Usiliguse!" Kankindi alisimama chini ya lile tawi, mikono juu, kana kwamba anaanika nguo. "Hili ndilo lililo karibu na kwangu! Unataka nyuki waanze kuzunguka?"

"Mama, nakusaidia! Linaingia kwako mita tatu!"

"Liingie!"

"Mti ni wangu! Nikitaka kuupunguza naupunguza!"

"Mti ni wako, nani amekataa? Na maua ya asubuhi ni ya nani? Umeyahesabu? Hujayahesabu. Mimi nitakuhesabia, halafu tuone kama una roho ya kukata." Alivaa miwani, akavuta ncha ya tawi mpaka usawa wa macho. "Kishada cha kwanza. Kina maua... subiri. Arobaini na moja, arobaini na mbili. Hili limefunga, hili nalihesabu nusu."

"Nusu! Wewe na nusu zako!" alisema Eustache, lakini alikuwa amesogea, naye ameinamisha kichwa, sabuni ikimkauka shavuni. "Hapo umeruka moja, mama. Nyuma ya jani."

"Sijaruka. Nilikuwa naliendea."

Habiyaremye akazima mashine, akatafuta jiwe, akakaa. Illuminée alimletea chai na mkate. Alipomaliza kikombe cha pili wale wawili walikuwa wamefika kishada cha kumi na moja, wanagombana kwa Kiswahili cha pande zote mbili, na tawi lilikuwa bado refu.